Kujifunza kusuka ringi Tanga: tafuta fundi, afu mwambie asiguse

Kila nikipita na baiskeli mtu ananisimamisha anauliza kusuka ringi, yaani kuunganisha ringi na habu (kile kitovu cha gurudumu) kwa spoki, mtu anajifunzia wapi, wengine ni vijana wanataka kufungua kijiwe chao cha ufundi, wengine ni wenzangu wa baiskeli za mtumba ambao spoki ikikatika wanapeleka kwa fundi, inarudi, haipiti wiki inakatika nyingine na hela inazidi kwenda. Nimeona bora niandike yote sehemu moja, ndefu kidogo ila vumilia, mana hii ni kazi ya mikono na ukiruka hatua moja utaijua mbele ya safari.

Kwanza tuelewane, ukitegemea kuangalia tu hutoweza. Video zipo kibao na zinasaidia kujua mpango, lakini gurudumu linajulikana kwa vidole, unakaza, unaibonya, unaisikia. Huko Ulaya na Marekani watu wanalipia darasa la siku moja au wikiendi nzima, na darasa zuri la huko kila mwanafunzi anakuja na habu yake, ringi yake na spoki zake, anasuka mwenyewe mwalimu akipita nyuma yake, jioni anaondoka na gurudumu lake anaenda kulifunga. Zingatia hilo, mwalimu anapita nyuma, hasuki yeye. Hapa kwetu darasa lako ni gunia lililotandikwa chini ya mwarobaini au kwenye baraza ya duka, na Tanga tuna bahati maana mji ni tambarare, baiskeli zimejaa, kina mama wanaendesha, wazee wanaendesha, kwa hiyo mafundi wapo kuanzia Ngamiani kwenye barabara za namba mpaka Makorora, Mabawa, Duga, kote huko. Mwalimu hakosekani. Kazi ni kumpata anayefaa na kukubaliana naye vizuri.

Fundi gani anafaa

Sio kila fundi baiskeli anasuka ringi. Wengi ni wa viraka, cheni, breki na gololi, na ringi ikija imepinda wanaiweka chini wanaikanyaga na mguu au wanaigonga na nyundo hadi inyooke, wanakaza spoki mbili tatu, nenda. Sio kwamba ni wabaya, mteja mwenyewe ana haraka na analipa kidogo. Ila huyo hatokufundisha kusuka.

Namna ya kumjua ni rahisi, pita muda ambao anafanya kazi afu angalia. Akiinyoosha ringi anazungusha spana ya spoki kidogo kidogo, robo mzunguko, anasimama anaangalia? Anazigusa spoki kwa kidole azisikilize kabla hajakaza? Anakaza pande zote mbili au anavuta upande mmoja tu? Afu muulize swali moja la kijanja, mwambie fundi, hii habu ya tundu 36 nikitaka kuisuka unakatisha ngapi, yaani kila spoki inapishana na ngapi za upande wake? Akikujibu tatu bila kufikiri, na ya 40 akasema nne, huyo umempata. Akikwambia we lete tu mi najua, mshukuru uendelee na safari.

Wazee ndio wazuri zaidi kwa hili, wale walioanza na Phoenix na Avon na Raleigh wakati ringi haitupwi, inafumuliwa inasukwa upya. Sasa ukienda kwa mzee nenda kwa adabu, usifike umesimama juu yake na simu mkononi unarekodi. Shikamoo kwanza, ukae kwenye kigoda, uulize hali na kazi, mambo ya ringi yaje baadaye. Mazungumzo yanakuwa hivi:

"Shikamoo fundi."
"Marahaba mwanangu, imeharibika nini?"
"Haijaharibika fundi, nataka unifundishe kusuka ringi. Vifaa naleta mwenyewe, na muda wako nitaulipa."
"Unataka kuniharibia biashara wewe."
"Hapana mzee, hapa nitakuletea na wateja."

Atacheka, na akicheka ujue umeshapata nafasi. Suala la kulipa liseme mapema kabisa, mana fundi anaishi kwa kazi ya leo, saa mbili anazokaa na wewe ni viraka kadhaa amevipoteza. Mi naona makubaliano mazuri ni kumlipa bei ile ile anayotoza kusuka ringi, halafu kazi unafanya wewe. Kwake hajapoteza kitu na wewe umepata mwalimu. Kama huna hela, jitolee, umshikie viraka na kufagia kijiwe, wengi ndivyo walivyojifunza, ila hapo ujue itachukua muda mrefu na atakutuma chai sana.

Muda wa kwenda usiwe asubuhi wakati watu wanawahi kazini na shule, hapo kila mtu ana pancha. Nenda saa nne nne au alasiri. Ijumaa mchana acha, watu wanaenda msikitini, na mwezi wa Ramadhani nenda asubuhi, jioni hakuna mtu wa kusikiliza habari za spoki.

Halafu sharti moja ambalo lazima uliseme kwa upole tangu mwanzo: fundi asiguse. Aonyeshe kwa kidole, aseme, agombe, lakini spana ibaki mkononi mwako. Mafundi wetu mikono inawawasha, akiona umechelewa anakunyang'anya, dakika tano ameshamaliza, na wewe umejifunza kwamba fundi anajua. Mwambie mzee, nikikosea niache nikosee, tutafumua. Dada zangu nanyi mkazanie hili zaidi, mana nimeona fundi anamwonea huruma mwanamke asichafuke mikono anamfanyia kila kitu, anamrudishia gurudumu limenyooka na yeye hajui hata spoki inaingilia wapi.

Vya kubeba

Anza na gurudumu la mbele, la nyuma lina mambo yake nitayasema mwishoni. Kilicho bora sana ni gurudumu zima la zamani unalolifumua mwenyewe, tena ukilifumua lipige picha kwanza pande zote mbili. Ukifumua unajua spoki zake zinatosha, hupati shida ya vipimo.

Spana ya spoki inayoshika nipeli sawasawa, na nipeli namaanisha ile nati ndogo ndefu inayokaa kwenye ringi na kuvuta spoki. Spana ikicheza itakula kona za nipeli zibaki mviringo, na hapo umekwama. Bisibisi bapa, rula ya milimita, chaki, oili ya cherehani au oili yoyote nyepesi, na kitambaa. Basi.

Ukinunua vitu vipya angalia saizi kwa namba ya milimita iliyoandikwa kwenye tairi, usiende kwa inchi peke yake, inchi zinadanganya. 26 ya baiskeli ya milima ni 559, na 26 kwa 1 3/8 ya baiskeli za mjini za mtumba kutoka Japani ni 590, hazibadilishani hata ufanyeje. 28 kwa 1 1/2 ya hizi baiskeli zetu kubwa nyeusi ni 635, lakini kuna 28 nyingine ni 622, ile ile inayoitwa 700. Watu wananunua ringi wanafika nyumbani tairi haiingii wanamlaumu mwenye duka.

Na hesabu tundu. Habu na ringi lazima zilingane, 36 kwa 36, 32 kwa 32. Baiskeli kubwa za muundo wa kale wa Kiingereza mbele zina 32 na nyuma 40, kwa hiyo usichanganye ringi ya mbele na ya nyuma hata kama kwa macho zinafanana. Unene wa spoki, ile ya kawaida ya geji 14 ni milimita 2, za baiskeli za mizigo zinaweza kuwa nene zaidi, na kila unene una nipeli yake.

Urefu wa spoki

Hapa ndio watu wanakwama, fundi mzee anakadiria kwa macho au anabeba spoki ya mfano dukani, na mara nyingi anapatia kwa sababu habu na ringi za hapa ni zile zile miaka yote. Ila mtumba umeleta kila aina ya habu kwa hiyo bora ujue hesabu yenyewe, na kwa ringi ya tundu 36 ya kukatisha tatu hesabu imekaa vizuri haihitaji mambo ya pembe.

Unahitaji namba tatu kwa milimita. Ya kwanza ni nusu ya upana wa ringi kwa ndani, pale kichwa cha nipeli kinapokaa, unapima kwa kuingiza spoki mbili zenye nipeli kwenye matundu yanayoelekeana, unavuta, unapima kutoka kichwa cha nipeli hii hadi hii, unagawa kwa mbili. Ya pili ni nusu ya upana wa duara la matundu ya habu, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la upande wa pili, gawa kwa mbili. Ya tatu ni umbali kutoka katikati ya habu mpaka kwenye sahani yenye matundu, kwa upande unaousuka.

Tuseme ya kwanza ni 270, ya pili 22, ya tatu 32. Kila moja izidishe kwa yenyewe: 72,900 na 484 na 1,024. Jumlisha, unapata 74,408. Sasa toa 270 mara 22, yaani 5,940, inabaki 68,468. Tafuta kipeo cha pili kwenye simu inakuja 261.7 hivi, toa milimita moja na kidogo ya nafasi ya tundu la habu, unanunua spoki ya 260. Imeisha hiyo. Hiyo ya kutoa mara moja kamili ni kwa 36 ya kukatisha tatu tu, kwa 32 ya kukatisha tatu hiyo namba ya kwanza mara ya pili unaizidisha kwa 0.765 ndio unaitoa, na kwa 40 ya kukatisha nne izidishe kwa 0.618.

Pima mara mbili, afu umpe fundi naye apime na rula yake. Spoki ikizidi sana inatokeza juu ya nipeli inatoboa tyubu, na ikipungua inashika nyuzi chache inang'oka.

Kusuka sasa

Kwa nini tunakatisha? Ukikanyaga pedeli habu ya nyuma inajizungusha na kuivuta ringi, spoki ikiwa imenyooka moja kwa moja kutoka katikati haiwezi kuvuta vizuri, inabidi ilale pembeni. Hatimiliki ya spoki za kulala hivi aliichukua James Starley wa Coventry, Uingereza, mwaka 1874, na mpaka leo baiskeli karibu zote zinafuata njia hiyo. Mbele hakuna pedeli ila tunakatisha pia, habu haichoki na gurudumu linakuwa imara.

Kaa chini, ringi mapajani. Angalia ringi vizuri utaona matundu hayako mstari mmoja, moja limeelemea kulia linalofuata limeelemea kushoto. Spoki ya kulia inakwenda tundu la kulia, ya kushoto la kushoto, hiyo haina mjadala. Kila uzi wa spoki chovya kwenye oili kidogo kabla ya nipeli, na sisi wa Tanga hili tusilidharau, upepo wa bahari unakula chuma na baiskeli za wauza samaki wa Deep Sea zinamwagikiwa maji ya chumvi kila siku, nipeli zinaganda mpaka ukitaka kunyoosha ringi mwakani spoki inakatika kabla nipeli haijazunguka.

Kwa 36 spoki zinagawanyika makundi manne ya tisa tisa. Kundi la kwanza, chukua upande wa kulia wa habu, ingiza spoki kutoka nje kwenda ndani, yaani kichwa kibaki nje, ruka tundu moja weka, ruka moja weka, mpaka zifike tisa. Ya kwanza kabisa, mi naiita spoki mama, ipeleke kwenye tundu lililopakana na tundu la valvu, lile lililoelemea kulia. Nyingine zinafuata, kati ya spoki na spoki unaacha matundu matatu matupu kwenye ringi. Nipeli zungusha mara mbili tatu tu, zishike, usikaze.

Kundi la pili ni upande wa kushoto, na hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo hapa mwite fundi asogee akuangalie. Matundu ya sahani ya kushoto hayaelekeani na ya kulia, yamepishana nusu. Unachagua tundu la habu ambalo spoki yake itakwenda kukaa pembeni ya spoki mama, upande ule usio wa valvu, bila kuikata. Ukiangalia kwa mbele spoki hizo mbili zinatakiwa ziende pamoja zisipishane. Ukichagua tundu la upande wa pili utaendelea kusuka vizuri tu, huoni kosa, mpaka mwisho unakuta nusu ya spoki zinalegea na nusu hazifiki, unafumua yote. Ukishaipata ya kwanza, nane zilizobaki zinafuata utaratibu ule ule.

Sasa shika habu uizungushe kwa mkono, spoki mama iegemee mbali na valvu. Zote kumi na nane zinalala upande mmoja. Hii ndio inakupa nafasi ya pampu, umeshaona gurudumu ambalo mdomo wa pampu haupenyi kwenye valvu kwa sababu spoki zimebana pale? Aliyelisuka alizungusha kinyume.

Kundi la tatu ni kulia tena, safari hii spoki inapita kutoka ndani kwenda nje, kichwa kinabaki ndani, na inaelekea upande wa pili wa zile zilizolala. Njiani itakutana na spoki tatu za upande wake, mbili za mwanzo inapita juu, ya tatu inapita chini. Juu, juu, chini. Bibi yako akisuka mkeka anahesabu hivi hivi na ukikosea mmoja anauona kutoka mlangoni. Kuipitisha chini ya ile ya tatu itabidi uikunje kidogo kwa mkono, usiogope, spoki inakunjika na kurudi. Inaingia kwenye tundu tupu la upande wake, katikati ya mbili za kundi la kwanza. Ukimaliza tisa hizo geuza, fanya kushoto vilevile, na hapo umeshasuka. Kila tundu lina spoki. Ringi inachezacheza na inaonekana mbovu kabisa, ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kama baada ya hapo kuna tundu limebaki au spoki mbili zinagombania tundu moja, usilazimishe. Rudi nyuma uhesabu upya ukianzia spoki mama.

Kukaza, hapa ndio shule yenyewe

Kusuka mtu anaelewa siku hiyo hiyo. Kukaza ndio kunamtofautisha fundi na mwanafunzi, na ndio maana nasema ukae na mtu.

Jua kwanza unafanya nini. Spoki ni waya, waya hausukumi, unavuta. Gurudumu linasimama kwa sababu spoki zote zinavuta ringi kuelekea katikati, na ukikaa juu ya baiskeli zile za chini zinapungua mvuto kidogo. Zikiwa zimekazwa vya kutosha zinapungua bila kulegea. Zikiwa zimelegea, kila mzunguko zinalegea na kuvutwa, kulegea na kuvutwa, na ringi ya 28 inazunguka karibu mara 450 kwa kilomita moja, sasa piga hesabu mtu wa mkaa anayetoka Pongwe, nje ya mji. Chuma kinachoka pale kwenye kona inapoingilia habu, pa! imekatika. Mtu anasema mzigo ulizidi, wakati mara nyingi ni spoki zilikuwa zinacheza, na ndio maana ukibadilisha moja inayofuata ni jirani yake, zote zimechoka pamoja.

Anza kwa kuziweka sawa. Kwa bisibisi peleka kila nipeli mpaka uzi wa spoki upotee tu ndani, zote sawa sawa. Kisha kuanzia valvu kaza kila moja nusu mzunguko, zunguka ringi nzima, rudia, mpaka zianze kushika. Usifike sehemu ukapendelea moja.

Kuhusu upande wa kuzungusha: ukiitazama nipeli kutoka kwenye tairi, na bisibisi, kulia ni kukaza kama skrubu yoyote. Lakini spana unaishikia upande wa ndani, kwa hiyo machoni kwako inageuka. Mwanzoni utakaza ukidhani unalegeza, kila mtu anapita hapo, mwambie fundi akuwekee mshale wa chaki kwenye ringi.

Stendi maalumu huna na huihitaji. Pindua baiskeli, gurudumu lifunge kwenye uma wake wa mbele, funga kijiti cha kiberiti au kibanio cha nguo kwenye uma kikaribie ringi. Zungusha taratibu. Inapogusa kijiti, hapo imeelemea upande huo. Ikielemea kulia, kaza za kushoto za eneo hilo robo mzunguko na legeza za kulia robo. Sio mzunguko mzima! Robo. Zungusha, angalia tena. Ikipanda juu kama ina nundu, kaza za kulia na kushoto za hapo kwa kiasi kile kile, zinaivuta ishuke. Ikiwa imezama, zilegeze. Daima shughulika na kosa kubwa kuliko yote, punguza kidogo, afu tafuta kubwa linalofuata. Anayetaka sehemu moja inyooke kabisa kabla ya kwenda nyingine atakesha.

Katikati ya kazi toa gurudumu uligeuze, kulia kuwe kushoto, ulirudishe kwenye uma. Ringi ikihama upande ujue haijakaa katikati, kaza upande inaotakiwa kwenda, zote za upande huo kidogo kidogo. Njia hii haidanganyi hata kama uma wenyewe umepinda.

Kila baada ya mizunguko kadhaa ya kukaza, shika spoki mbili zinazokwenda pamoja, upande huu kwa mkono wa kulia na upande ule kwa kushoto, zibane kwa nguvu zote za viganja, zunguka gurudumu zima. Mafundi wengi hawafanyi hili na ndio sababu ringi yao inarudi baada ya siku tatu. Ukibana, spoki zinakaa vizuri kwenye kona zake na zile zilizojinyonga wakati wa kukaza zinajinyongoa. Zisipobanwa zitajinyongoa zenyewe barabarani, utasikia tik tik tik mita za mwanzo halafu ringi inaanza kucheza. Ukishabana, nyoosha tena, utakuta imehama kidogo.

Kiasi gani kinatosha? Kuna kipimo cha kupima mvuto ila kwa fundi wa hapa kipimo ni sikio. Gonga spoki kwa kucha katikati yake, sikiliza sauti. Za upande mmoja zinatakiwa zitoe sauti zinazokaribiana. Ikilia nzito, imelegea kuliko wenzake, ikilia nyembamba sana inabeba peke yake. Chukua gurudumu zuri la fundi ugonge, afu ugonge la kwako, hapo hapo utasikia tofauti, na hili ndilo hakuna video itakayokupa, mana spika ya simu haitoi hiyo sauti. Nipeli ikianza kuwa ngumu sana na spoki inanyongeka badala ya nipeli kuzunguka, au ringi iliyokuwa imenyooka ghafla inapinda mawimbi ukizibana spoki, umezidisha. Rudisha zote nusu mzunguko.

Msimamo wangu, na najua kuna mafundi watanibishia, bora ringi inayocheza milimita moja lakini spoki zote zina sauti moja kuliko ringi iliyonyooka kabisa huku spoki moja inalia na ya pembeni imelala. Ya kwanza utaisahau mwaka mzima. Ya pili inasubiri shimo tu, na barabara za mitaa yetu mvua ikinyesha mnazijua.

Ukimaliza pitisha kidole ndani ya ringi, ncha ya spoki ikitokeza juu ya nipeli ipige tupa. Kata utepe wa tyubu chakavu uvalishe ringi, weka tyubu na tairi, jaza upepo, panda.

La nyuma na baada ya hapo

Endesha siku chache mitaa ya karibu halafu rudi kwa fundi uligonge gurudumu tena spoki kwa spoki, zile zilizolegea zikaze robo. Ukitaka kuendelea, muombe fundi akuachie zile kazi ndogo za kunyoosha, ringi za watoto wa shule, ukinyoosha nyingi mkono unazoea haraka kuliko kusuka moja nzuri afu ukakaa.

La nyuma usuke baada ya la mbele kukaa vizuri. Kusuka ni kule kule, tofauti ni kwamba upande wa friwili, ile gia ya nyuma yenye meno ya cheni, sahani ya habu imesogea ndani ili meno yapate nafasi, kwa hiyo spoki za kulia zinasimama wima zaidi na zinakazwa zaidi, za kushoto zinakuwa na mvuto mdogo na sauti nzito kidogo, usijaribu kuzilinganisha kulia na kushoto, linganisha kulia kwa kulia. Kwa baiskeli yenye friwili ya jino moja tofauti hiyo ni ndogo, kwa ya gia saba ni kubwa na mara nyingi spoki za kulia zinakuwa fupi kwa milimita moja au mbili, kwa hiyo pima kila upande peke yake ukienda dukani. Na friwili ifunguliwe na kifungulio chake kabla hujafumua spoki hata moja, mana gurudumu likishafumuliwa huna tena ringi ya kushikilia na habu itazunguka tu mkononi, hapo hata fundi hana la kukusaidia.